Eksirei safi, mgongo bado unauma

SWALI: Nina miaka 38, ni fundi cherehani. Kiuno kinaniuma huu mwaka wa pili. Eksirei haikuonyesha kitu. Nameza diklofenaki karibu kila siku na navaa mkanda wa mgongo. Sasa daktari ananipeleka kwa mwanasaikolojia. Anadhani najifanya? Jirani naye ananiuzia vitamini D na unga wa mlonge. – Fundi, Morogoro

JIBU: Pole dada. Hapana, hadhani unajifanya. Maumivu yakishapita miezi mitatu, mara nyingi jeraha lililoyaanzisha limeshapona. Kilichobaki ni mishipa ya fahamu iliyozoea kupiga kelele, kama mbwa wa ulinzi anayembwekea hata mwenye nyumba. Maumivu ni ya kweli. Mwanasaikolojia atashughulika na mambo yanayomchochea huyo mbwa, hasa mwendo wa kazi na woga.

Tuanze na cherehani. Sare za shule zikijaa unakaa saa nne mfululizo, kisha unalala siku mbili. Badala yake, kwa siku tatu za kawaida, washa saa ya simu ukiketi na uizime maumivu yanapoanza kupanda. Tuseme umepata dakika 40, 25 na 34. Wastani ni 33. Punguza moja ya tano, zinabaki kama 26. Basi shona dakika 25, inuka, tembea tembea dakika tatu hadi tano, rudi. Kila wiki ongeza dakika mbili au tatu. Kengele ikilia unainuka hata kama huumwi. Hapa ndipo wengi hukwama: mgongo ukitulia siku moja, wanamaliza viporo vyote, kesho yake hawainuki.

Woga tunaupima kwa ndoo. Andika kwenye daftari: nikiinama kunyanyua ndoo yenye lita 3, nitaumwa kiasi gani, kati ya 0 na 10? Nyanyua mara tano, kisha andika ulivyoumwa kweli. Ukikuta uliandika 8 na imekuja 4, hiyo tofauti ndiyo dawa yenyewe. Ubongo unajifunza kwa kuiona, si kwa kuambiwa. Ukizoea, nenda lita 5, halafu 10. Usibane pumzi wala kukaza tumbo, maana misuli inayokazwa kutwa huchoka na kuuma yenyewe.

Mkanda uvue kidogo kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 hauupendekezi kwa maumivu sugu ya kiuno kama yako; unapendekeza mazoezi, elimu na tiba ya kisaikolojia.

Diklofenaki ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Ukiimeza kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Mweleze daktari wiki hii. Ukipata choo cheusi kama lami, usisubiri hata kesho.

Kuhusu chakula, hatuujui mlo unaoponya mgongo. Mlonge ni mboga nzuri, ila usiununue kama dawa. Vitamini D ina maana kwa aliyepungukiwa: mtu anayeshinda ndani au anayejifunika mwili mzima, mwenye maumivu ya mapaja na nyonga, anayepata tabu kuinuka mkekani. Pima damu kwanza. Mtu mzima anahitaji yuniti 600 kwa siku. Vidonge vya yuniti 50,000 huandikwa kimoja kwa wiki. Kuna wanaovimeza kila siku, kalsiamu ikapanda kwenye damu, wakaishia na kichefuchefu na mawe ya figo. Dagaa na samaki wenye mafuta mara mbili kwa wiki ni chakula kizuri, na kama uzito umezidi, sukari ya chai ndiyo rahisi kuanza kupunguza.

Yote hayo yaweke kando na uende hospitali ukifa ganzi sehemu za siri, mkojo ukigoma au kutoka bila kujua, miguu ikilegea, au ukipata homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hushika hata pingili za mgongo.

SWALI: Kijiko cha manjano kwenye maziwa kila usiku kinasaidia misuli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kunywa kama unapenda ladha yake. Ushahidi wa kutibu mgongo ni haba. Vidonge vya manjano ni habari nyingine, vina nguvu zaidi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asivianze bila kumwambia daktari wake.