Muulize Mjomba: Bastola ya mzee jirani imeninyima usingizi

SWALI: Mjomba shikamoo. Mimi mtu wa Mombasa lakini sasa niko Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu, grinikadi ninayo. Jirani yangu mzee wa Kimarekani anahamia kwa binti yake, anauza vitu, na kati ya hivyo kuna bastola ya zamani ya Smith & Wesson, ile ya silinda ya risasi sita, mtutu mrefu inchi 6, mwenyewe anaiita K-38. Jumamosi moja alinipeleka renji ya kulenga shabaha nikapiga kama risasi 30 hivi, na tangu siku hiyo naiota. Washkaji wananicheka, wanasema kwa pesa hiyo napata mpya ya plastiki inayobeba risasi 17. Je, ni ushamba wangu ama kuna kitu hapa? Na siku nikirudi nyumbani naweza kuja nayo?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Hao washkaji hawajakosea hesabu, wamejibu swali ambalo hukuuliza. Ungekuwa unatafuta kitu cha kujilinda usiku ningekwambia wasikilize, 17 ni 17. Lakini wewe hukuniandikia habari za wezi, umeniandikia habari za karatasi yenye matundu, na huo ugonjwa naujua, ninao mwaka wa 14 sasa na dawa sijaipata.

Ngoja nikwambie ulichoshika. Baada ya Vita vya Pili, Smith & Wesson pale Springfield, Massachusetts, walitoa bastola tatu za kulenga shabaha wakaziita Masterpiece: K-22, K-32 na K-38, fremu ni ile ile, tofauti ni unene wa risasi, ndizo hizo .22, .32 na .38. Sasa mtutu wenye tundu dogo unabaki na chuma nyingi kwa hiyo unakuwa mzito, ndio jamaa wakafanya ujanja, ule mgongo bapa unaopita juu ya mtutu wakaupa upana tofauti kwa kila moja, ili zote tatu zikishajazwa risasi zilingane uzito, kilo moja na kidogo. Yaani ufanye mazoezi wiki nzima na .22 kwa risasi za bei poa, siku ya mashindano ushike .38 na mkono wala usijue kama umebadilishiwa. Hapo ndipo waliponimaliza mimi. Siku hizi nani anajisumbua hivyo?

Halafu hiyo triga. Najua ndiyo iliyokukamata ingawa hujaitaja. Unavuta nyundo nyuma kwa dole gumba, silinda inazunguka, inakaa, klik, na ikishakaa triga haina safari tena. Unaongeza nguvu kidogo, hakuna kitu, unaongeza tena, hakuna kitu, mara imekatika kama njiti kavu ya kiberiti na wewe mwenyewe unashtuka. Hizo za plastiki, samahani kwa wenye nazo, triga ni kama breki ya matatu mbovu, unakanyaga inazama, unakanyaga inazama, mpaka unaanza kusoma dua.

Na risasi zake. Kama mzee anajua kazi yake basi alikupa zile za kichwa bapa, ambazo risasi (namaanisha madini yenyewe, si unajua kwetu jina ni hilo hilo) imezama yote ndani ya ganda, ukiitazama kwa juu utadhani imekatwa kwa kisu. Baruti kidogo, teke dogo, na zikifika kwenye karatasi hazichani, zinatoboa duara safi kama ile mashine ya ofisini ya kutobolea karatasi za faili. Bastola nyingi za magazini, yaani zile zinazobeba risasi kwenye kibweta ndani ya mpini, zinakwama na risasi ya umbo hilo kwa sababu lazima isukumwe ipande kuingia kwenye mtutu, ila ya silinda haina habari, kila risasi imekaa chumbani kwake inasubiri zamu.

Utauliza, kama ni nzuri hivyo mbona wanaoshindana wengi waliiacha? Ni muda tu. Katika mashindano yao yale ya mkono mmoja kuna raundi ya polepole, yadi 50, risasi 10 kwa dakika 10, hapo K-38 iko nyumbani kabisa. Lakini kuna raundi ya haraka, yadi 25, risasi 5 ndani ya sekunde 10, na kila risasi dole gumba lipande, lirudishe nyundo, lishuke, mshiko usiharibike. Wazee waliweza, hebu angalia nyundo ya hiyo ya jirani yako kama ina sikio pana, ni kwa ajili ya kazi hiyo. Ila ya magazini, inayojikoki yenyewe, inakufanyia hiyo kazi bure, na mwaka 1961 Smith & Wesson hao hao wakatoa Model 52, ya magazini, inayokula risasi bapa hizo hizo za .38. Wakajimaliza wenyewe. Na wewe uko Ohio bwana, siku moja endesha mpaka Camp Perry pale kando ya ziwa Erie, mashindano ya taifa yalianza kupigwa pale 1907, utawakuta wazee na visanduku vyao vya mbao.

Kitu kimoja washkaji hawatakwambia, bastola ya silinda ni mwalimu mwenye kiboko. Jaribu hivi: chukua risasi nzima tatu na maganda matupu matatu, changanya, mtutu ukiwa umeelekea kwenye shabaha zungusha silinda bila kuangalia kisha ifunge. Sasa piga, hujui ipi ni ipi. Mara ya kwanza nilipofanya nilikuwa najiona fundi, nikavuta, klik tupu, na mtutu wangu ukainama chini kushoto kama unamsalimia mtu. Nilikuwa naogopa mlio miaka miwili yote na sikujua! Kwenye ile ya magazini kelele ilikuwa inanifichia aibu.

Kabla hujatoa pesa, ikague, maana ya kwanza kabisa mimi niliinunua kwa papara kwenye maonyesho, nje inang'aa ile buluu nyeusi kama mende, kumbe ndani imechoka. Hakikisha haina kitu ndani, halafu hakikisha tena, kisha vuta nyundo polepole sana, chumba kimoja kimoja, vyote sita. Silinda lazima ikae na kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho wa safari yake. Ya kwangu ilikuwa inachelewa vyumba viwili, risasi ikawa inaingia kwenye mtutu kwa upande, na vipande vya madini vinaruka pembeni, siku hiyo aliyesimama kulia kwangu aligeuka akaniangalia huku anajipangusa shavu, sikuwa na la kusema. Angalia na vichwa vya skrubu pia, vikiwa vimekwaruzwa jua kuna fundi wa jikoni alipita humo.

Ya sheria nayapitia haraka. Kwa grinikadi unaruhusiwa kununua huko, wenye viza ya masomo au matembezi kwa kawaida hapana. Hata kama ni jirani, mimi ningemwambia twende wote kwenye duka lenye leseni, ujaze ile fomu 4473 ya serikali ya mnunuzi wa silaha, wakucheki, kila mtu alale usingizi. Kufika nyumbani nayo, mpwa wangu, usithubutu kuitia kwenye sanduku hata imefungwa vipande vipande. Kuitoa Marekani kuna vibali vyake, na Kenya bila cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha ni jela, hapo hakuna kusema sikujua. Wengi tukirudi likizo tunaiacha kwenye sefu.

Kuna dada wa Minneapolis naye ameuliza kama ni sawa kuvuta triga ikiwa tupu sebuleni kwa mazoezi. Dada yangu, ya .38 haina shida, lakini umesema yako ni K-22, na hiyo pini yake ya kufyatulia inagonga ukingoni mwa ganda, bila kitu ndani inaweza kugonga chuma ya chumba chenyewe ikakiumiza. Weka risasi bandia za plastiki, na zile za kweli ziwe chumba kingine kabisa.

Mpwa, nimekumbuka kitu. Ukienda tena kwa mzee fungua silinda uangalie fremu pale mkono wa silinda unapokaa. Ukikuta MOD 14 basi ni ya 1957 kuja huku, ndipo walipoanza kuzipa namba. Ukikuta hamna na chini ya mpini kuna namba inayoanza na K, ni ya kabla ya hapo, na kama bei aliyokutajia ni ile ninayoifikiria mimi, mzee hajui alichonacho. Mwambie. Ataiongeza kidogo, najua, utalipa tu.