Kumkanda mtu ambaye mwili wake bado una hofu

Nilifundishwa kuchua na bibi yangu kule Ujiji, kwa mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi, aliyoyapika mwenyewe, na kwake yeye mkono mzuri ulikuwa mkono mzito. Mgonjwa asipogugumia, mchuaji hajafanya kazi. Nilichua hivyo kwa zaidi ya miaka kumi: wanawake waliotoka kujifungua, wavuvi wa Kibirizi waliokakamaa migongo kwa kuvuta nyavu, watoto walioteguka vifundo. Kwa misuli iliyochoshwa na kazi, mkono huo una nafasi yake hadi leo. Kosa langu lilikuwa kuutumia kwa kila mtu.

Siku moja aliletwa kwangu, hapa Mwanga mjini Kigoma, dada mmoja ambaye miezi michache nyuma alinusurika mtumbwi ulipopinduka ziwani usiku. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Wifi yake ndiye aliyemleta, kwa sababu mabega yake yalikuwa yamepanda hadi karibu na masikio na usingizi ulikuwa ukimkatika kila usiku. Nilimlaza kifudifudi mkekani, nikaanza mabegani kwa kiganja na kiwiko kama nilivyozoea. Mwanzo alikakamaa, kisha ghafla akalegea, akawa kimya kabisa, nami nikafurahi nikidhani dawa imeingia. Nilipomgeuza nilikuta macho yake wazi yakitazama bati, vidole vya miguu vimejikunja, na kanga aliyoilalia imelowa machozi. Hakuwa amelala. Alikuwa ameshindwa kuniambia niache.

Jambo hilo lilinikosesha raha kwa muda mrefu, mpaka mtaalamu mmoja wa fiziotherapia aliponieleza kilichotokea. Tunazo neva zinazofanya kazi bila kuamriwa. Hatari ikija, upande mmoja wa neva hizo huharakisha moyo na kukaza misuli ili mtu apigane au akimbie, na upande wa pili hupunguza mapigo, huruhusu chakula kusagwa na usingizi kuja. Katika upande huo wa pili kazi kubwa hufanywa na neva ya vegasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kupita shingoni hadi moyoni, mapafuni na tumboni. Lakini pale ambapo haiwezekani kupigana wala kukimbia, mwili unaweza kuganda, na kuganda kukitazamwa kwa nje kunafanana mno na utulivu. Siku hizi tofauti naitafuta kwenye pumzi. Aliyetulia hushusha pumzi ndefu hadi tumbo likashuka, humeza mate, hujikuna, husogeza mguu apendavyo. Aliyeganda hupumua juu juu, na lolote utakalomwuliza atajibu "sawa".

Kwa hiyo kazi yangu sasa huanza kabla ya mafuta. Tunakaa kwanza, yeye akiwa upande wa mlango, na ninamweleza nitagusa wapi na wapi sitagusa kabisa. Anabaki na nguo zake akitaka. Ruhusa siiombi tena kwa maneno ya "nikukande mgongo?", kwa sababu kwetu kumkatalia mtu aliyekuzidi umri ni utovu wa adabu, na karibu kila mtu atasema ndiyo kwa heshima tu. Ninauliza, "Tuanzie mkono au mguu, au leo tukae tu tuzungumze?" Swali la namna hiyo linampa njia ya kukataa bila kunivunjia heshima, na nitaliuliza tena kila ninapotaka kuhamia sehemu nyingine. Kisha tunafanya zoezi dogo ambalo naliona ni muhimu kuliko mafuta yote: ninaweka kiganja juu ya kifundo cha mkono wake, yeye anasema "acha", nami ninaondoa mkono papo hapo. Mara tatu. Wapo ambao mara ya kwanza neno hilo haliwatoki.

Mguso wenyewe ni mwepesi na wa polepole. Watafiti wa Sweden, miongoni mwao Åke Vallbo na Håkan Olausson, walionyesha kwamba ngozi yenye vinyweleo ina nyuzi nyembamba za neva zinazoitikia zaidi kupapaswa taratibu, kiasi cha sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, kwa joto la mkono wa binadamu. Kwa kipimo changu, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono ninahesabu moja hadi nane. Jaribu, utaona jinsi mkono wako mwenyewe unavyotamani kuwahi. Mafuta niyapashe kwanza viganjani, na mkono mmoja ubaki umetulia mwilini huku mkono wa pili ukihama, ili asishtuke.

Habari ya tukio siulizi. Ndugu wengi humhimiza mgonjwa asimulie au ajikaze, na yote mawili ninawaomba wayaache nje ya chumba. Akianza kutetemeka au kulia ninaondoa mikono, ninamwomba akae, akanyage sakafu, aniambie anasikia nini: bodaboda barabarani, kuku, watoto wa jirani. Tukiendelea au tukiishia hapo ni uamuzi wake.

Yapo ya kutochua kabisa. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, huenda una damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisukumwa linaweza kufika mapafuni, mpeleke hospitali. Vivyo hivyo mwenye homa, au aliyevunjika. Na mtu anayeandamwa na ndoto za tukio au anayezungumzia kutotaka kuishi anahitaji wataalamu wa afya ya akili. Akizungumzia kifo ninafunga chupa ya mafuta na kumsindikiza Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, siku hiyo hiyo.

Yule dada nilimfuata kwao kumwomba radhi. Ilipita miezi kabla hajarudi, na aliporudi tulianza na mkono wa kushoto peke yake, juu ya kanga, dakika kumi. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Safari ya nne nilikuwa nimefika karibu na bega aliposema kwa sauti, "Mama, acha!" Nikaondoa mikono, nikarudi nyuma hatua moja. Alikaa kitako, akajifunga kanga vizuri, akanywa maji. Baada ya muda akanyoosha mkono ule ule, akaniambia, "Haya, endelea. Lakini taratibu."