Maswali na majibu: modeli za magari ya NASCAR, na tafadhali taja mwaka

Wadau wa kutengeneza modeli ndogo za plastiki za magari ya NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, maswali yamejaa tena na nusu yake ni yale yale. Nawaomba vitu viwili tu. Ukiuliza kuhusu rangi, taja ni rangi gani na umeipuliza juu ya nini. Ukiuliza kuhusu gari ya dereva fulani, taja mwaka, na kama unaweza taja na mbio yenyewe. Haya, tuanze.

Swali: Nimepuliza rangi kwenye bodi, baada ya dakika chache ikakunjamana yote. Shida nini?

Hujasema rangi gani wala praima gani (ile rangi ya msingi ya chini), kwa hiyo nakisia, ila kukunjamana kwa namna hiyo mara nyingi ni laka juu ya enameli, aina mbili tofauti za rangi. Thina ya laka ni kali, inapenya kwenye enameli ya chini ambayo juu unaiona imekauka kumbe ndani bado, inaivimbisha, basi ngozi nzima inajikunja. Enameli juu ya laka iliyokauka hakuna shida. Laka juu ya enameli usijaribu, hata kama umesubiri wiki. Na zile laka za makopo ya magari halisi zinakula hadi plastiki yenyewe, ndio maana praima haina mbadala.

Sasa hiyo bodi ivue. Anza kwa kuiloweka kwenye alkoholi ya isopropili, ikigoma nenda kwenye breki fluidi, vaa glavu, jaribu kwanza kwenye kipande ambacho hukihitaji, kisha osha na sabuni ya vyombo mpaka pasiwe na utelezi kabisa. Hiyo sabuni ya vyombo ilitakiwa itumike tangu mwanzo pia, kabla ya praima, maana sehemu zinatoka kiwandani na mafuta ya kwenye moldi na mafuta ya vidole vyako yanaongezeka juu yake. Afu kila rangi mpya ipulize kwanza kwenye kijiko cha plastiki, praima, rangi, klia (ile ya juu isiyo na rangi), kwa mpangilio ule ule utakaotumia kwenye bodi. Nalisema hili kila mara na kila mara barua ya kwanza ninayofungua ni ya mtu aliyeruka kijiko.

Swali: Gundi gani ni nzuri?

Gundi ya majimaji ya plastiki kwa plastiki na plastiki, supaglu kwa chuma na resini, gundi nyeupe ya mbao kwa vioo. Supaglu ikae mbali na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Na kwangua rangi pale unapogundisha, la sivyo umegundisha rangi kwa rangi.

Swali: Nataka kutengeneza gari nyeusi namba 3 ya dereva Earnhardt ya 1987, seti (boksi la vipande) imekuja na vibao viwili vidogo vya kwenye paa, naviweka wapi?

Ndugu yangu, huviweki popote, na gari yenyewe si nyeusi. 1987 Dale Earnhardt alikuwa anaendesha Chevrolet Monte Carlo ya mdhamini Wrangler, bluu na njano, na ndiyo aliyochukulia ubingwa mwaka huo na mwaka wa kabla yake. Nyeusi ya mdhamini Goodwrench imeanza 1988. Vile vibao vya paa vya kuzuia gari isipae ikigeuka kinyume viliingia 1994, kwa hiyo ukivikuta kwenye gari yoyote ya miaka ya 80 ujue mtu hakutazama picha.

Hapa ndipo ninapowasumbua kila siku na sitaacha. Magari haya hayakuwa bidhaa ya dukani inayokaa vile vile mwaka mzima. Timu zilikuwa na gari moja ya njia fupi na nyingine ya njia ndefu, stika za wadhamini wadogo zinaongezeka na kupungua kati ya mbio na mbio, hata tairi zinabadilika: 1988 na 1989 kulikuwa na vita ya tairi kati ya Goodyear na Hoosier, ikarudi tena 1994, sasa wewe unaweka maandishi ya Goodyear kwa sababu ndiyo yaliyokuja kwenye boksi, wakati gari unayoiiga siku hiyo ilivaa Hoosier. Chagua mbio moja. Tafuta picha za siku hiyo, kushoto, kulia, mbele, nyuma, kwa sababu pande mbili za gari hazifanani kila wakati. Ukishakuwa na siku, maswali 10 unayoniuliza yanajijibu yenyewe, rangi ya rimu, urefu wa spoila, jina lililo juu ya mlango, yote yako kwenye picha. Maelekezo ya kwenye boksi ni ya kuunganisha vipande, historia utaitafuta mwenyewe.

Swali: Bluu ya dereva Richard Petty ni ipi hasa? Na ile nyekundu yangu inatoka chafu.

Mwaka? Hukutaja. Gari yake ya Plymouth Superbird ya 1970 ni bluu ya Petty, hakuna nyekundu ya mdhamini STP hapo. STP wamekuja 1972. Andy Granatelli wa STP alitaka gari yote iwe nyekundu yao, Richard Petty akakataa kuiacha bluu yake, wakakubaliana rangi zote mbili zikae kwenye gari moja, na mgawanyo wake ulibadilika miaka iliyofuata, kwa hiyo tunarudi kwenye picha.

Nyekundu yako inatoka chafu kwa sababu ile ni rangi ya kuwaka, ile ya florosenti, na rangi ya aina hiyo haifuniki, inapitisha kila kilicho chini. Umeipuliza juu ya praima ya kijivu, si ndiyo? Bodi yote ipige nyeupe safi kwanza, afu nyekundu tabaka nyembamba nyingi, acha ikauke vizuri, ziba na maskin tepu ndipo upige bluu, maana bluu inafunika na nyekundu haifuniki. Usishtuke ikikauka bila mng'ao, mng'ao unaletwa na klia. Na usiiweke gari dirishani, jua linaiua florosenti haraka kuliko rangi nyingine yoyote.

Kuhusu bluu, chukua picha kadhaa na si moja, filamu za zamani zilikuwa zinabadilisha bluu sana na nyingine zimefifia. Kwenye kijiko utajua.

Swali: Modeli za 1/24 na 1/25 (ndogo mara 24 au 25 kuliko gari halisi) si karibu sawa tu?

Si sawa. Kuanzia 1981 kwenye gari halisi umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni inchi 110. Kwenye 1/24 hiyo ni milimita 116.4, kwenye 1/25 ni 111.8. Karibu nusu sentimita, yani tairi hazikai katikati ya matao yake. Seti za kampuni ya Monogram kwa kawaida ni 1/24, za AMT na MPC 1/25. Pima na rula kabla hujanunua bodi ya resini ya kuweka kwenye chesisi uliyonayo.

Swali: Waya za plagi nitumie waya gani?

Mwembamba kuliko unaoufikiria. Waya halisi wa milimita 8 ukiugawa kwa 24 unapata 0.33. Plagi ni 8, waya ni 9, kwa sababu mmoja unatoka kwenye koili kwenda kwenye distributa, huo watu wanausahau sana.

Swali: Nikisugua klia mpaka ing'ae kabisa, majaji watapenda?

Majaji watapenda, mimi nitauliza ni gari ya saa ngapi. Kama ni ya asubuhi kabla ya mbio, ng'arisha, msasa wa majimaji 2000 kwenda juu, polepole kwenye kona za boneti maana pale ndipo klia inapokwisha kwanza na ukiona rangi kwenye kitambaa umeshachelewa. Kama ni ya jioni, basi ichafue kwa akili. Darlington magari yanasugua ukuta upande wa kulia, alama ina jina lake kabisa, mstari wa Darlington, sasa ukinionyesha mikwaruzo upande wa kushoto nitajua umechafua tu. Martinsville njia ni chini ya kilomita moja, wanagongana milango, mbele kuna vumbi la breki kwenye rimu. Picha, jamani.

Swali: Naweza kupuliza rangi chumbani nikifungua dirisha?

Hapana. Na kitambaa puani si kinga, hata barakoa ya vumbi si kinga, unahitaji ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Alafu naona watu wameanza kupenda klia ya magari ya kuchanganya mbili, ile yenye hadna (kigumishi). Inang'aa kweli, lakini ina kemikali ya isosayaneti, inaweza kukupa pumu ya maisha. Kama huna chumba cha kupulizia chenye feni ya kutoa hewa nje na vifaa kamili vya kupumulia, achana nayo, klia ya kawaida inatosha kabisa.

Swali: Stika za maji za seti ya zamani zimekuwa njano na zinapasuka.

Unjano: zibandike kwa ndani kwenye kioo cha dirisha, zitazame jua, siku kadhaa zitafifia. Kupasuka: zipulize klia tabaka moja kabla ya kuzilowesha, au paka ile dawa ya Microscale ya kutengeneza filamu, kisha kata kila stika pembeni kwa kisu kipya kwa sababu sasa karatasi nzima ni stika moja. Dawa ya Micro Set (ya kushikisha) chini, Micro Sol (ya kulainisha) juu, na stika ikianza kujikunja usiiguse. Itanyooka yenyewe ikikauka.