Tumbo Halikuuma, Damu Ndiyo Ilikuwa Inaisha

Nimekulia Njoro, kwenye ngano. Kwetu chapati haikungoja Krismasi. Ungeniambia kwamba ngano ndiyo inayonimaliza, ningekucheka.

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu liko ghorofa ya tatu mjini Nakuru. Nilianza kupumzika kila ngazi kama mzee. Kupima, kiwango cha damu (himoglobini) ni 7.9, chini sana. Nikaambiwa ni hedhi. Nikapewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, nikala maini na managu hadi watoto wakalalamika. Baada ya miezi mitatu damu ikafika 9. Nilipoacha vidonge, ikashuka tena. Mchezo huo tuliucheza karibu miaka miwili.

Kuhara? Sikuhara. Kukonda? Nilikuwa na kilo 74. Nilikuwa tu na vidonda vya mdomo visivyokoma, navyo nilivilaumu pilipili, sikumtajia daktari yeyote. Wewe vitaje.

Daktari mmoja ndiye aliyeuliza kama hicho chuma kinafika kwenye damu au kinapita tu. Alinieleza kwamba chuma hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na hapo ndipo ugonjwa wa siliaki hupiga. Mwenye ugonjwa huu akila gluteni, iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vijinyweleo vya kufyonza chakula husagika, na tumbo laweza lisiseme lolote.

Hapo nikafanya kosa. Nilifika nyumbani nikaacha ngano siku hiyo hiyo, nikajiona mjanja. Nilikwenda kupimwa baada ya miezi miwili, daktari akashika kichwa. Ukiacha gluteni, kingamwili (zile chembe za kinga zinazotafutwa kwenye kipimo) hushuka na utumbo huanza kupona, basi kipimo kinaweza kusema huna ilhali unao. Nikaamriwa kurudi kula ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki sita. Mkate asubuhi, chapati jioni, kwa agizo la daktari! Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Ya nne nilikuwa nazila nikinuna.

Kipimo chenyewe ni cha damu, cha kingamwili za ugonjwa huu ziitwazo tTG. Omba na kiwango cha IgA yote, aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho hutegemea, kipimwe, maana ikiwa chini, jibu la tTG linaweza kukudanganya. tTG yangu ilitoka juu. Nikapitishiwa mpira wenye kamera mdomoni, wakakata vipande vidogo vya utumbo vikathibitisha.

Sasa ni ugali, viazi, wali, na uji wa wimbi. Wimbi nasagia kwenye kinu kisichosaga ngano kabisa. Ilinichukua muda kugundua kwamba unga wa mteja aliyenitangulia nilikuwa naubeba nyumbani. Mwaka jana damu ilifika 12.4 bila vidonge.

Ndugu wa damu nao wanashauriwa kupimwa. Nilimpigia dada yangu, akacheka: "Mimi? Tumbo langu linasaga mawe."

Nikamuuliza damu yake ni ngapi. Akanyamaza.