Chaja ndogo na paneli ya sola: je, simu janja itajaa?

Jamaa zangu wa Faza, Kizingitini na Kiunga, katika kaunti ya Lamu, huniuliza mara kwa mara iwapo chaja yenye nguvu ndogo, au paneli ya sola yenye ukubwa wa daftari, inaweza kuchaji simu janja. Inaweza. Hata hivyo, kuchaji ni jambo moja na kujaza ni jambo jingine, na tofauti yake huonekana kwa hesabu ndogo ambayo muuzaji hana haja ya kukufanyia.

Simu nyingi za siku hizi zina betri ya miliampea-saa 5,000. Betri hiyo ikiwa na volti 3.85 hivi, akiba yake ni takribani wati-saa 19 (wati-saa moja ni umeme wa wati moja kwa muda wa saa moja). Na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani ikageuka joto, yafaa kuhesabu wati-saa 24 au 25 ili simu ijae kutoka sifuri. Chaja ya kizamani ya volti 5 na ampea 1 hutoa wati 5, kwa hiyo itachukua saa tano au zaidi. Tundu la USB la kompyuta ya zamani hutoa nusu ampea tu, yaani wati 2.5, nalo litahitaji usiku kucha. Simu haidhuriki kwa kulishwa polepole. Betri hata hupata joto kidogo kuliko inapochajiwa kwa kasi.

Taabu huanza pale mtu anapoitumia simu huku ikichajiwa kwa chaja dhaifu. Skrini yenye mwanga mkali, data iliyofunguliwa na mnara ulio mbali, kama ilivyo katika sehemu nyingi za visiwa vyetu, huweza kula wati 2 au zaidi, kwa sababu simu inayotafuta mtandao kwa mbali hulazimika kuongeza nguvu ya kurusha mawimbi. Khalati yangu aliwahi kuniletea simu akilalamika, “Mwanangu, alama ya kuchaji naiona, lakini asilimia zashuka!” Chaja yake ilikuwa nzima. Nilifunga data na kupunguza mwanga wa skrini, na asilimia zikaanza kupanda mbele ya macho yake.

Tukija kwenye sola, wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa katika maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, seli zenyewe, yaani vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya paa la mabati la Lamu wakati wa adhuhuri, paneli hufika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza karibu asilimia 0.4 ya nguvu; hiyo peke yake ni asilimia 14. Kuna vumbi pia, na chumvi ya bahari inayogandamana juu ya kioo isipofutwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ndiyo maana paneli iliyoandikwa wati 10 mimi huihesabu kuwa ya wati 6 au 7. Jua la kutegemewa likiwa la saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, utapata wati-saa 30 na ushei, kiasi cha kujaza simu moja kwa siku, na hiyo ni nje ya masika, maana siku za mawingu mazito hesabu hii huanguka vibaya. Paneli ya wati 5 itakupa nusu yake, jambo ambalo kwa simu ya mulika mwizi ni anasa kabisa.

Pawabanki zenye kipande cha sola mgongoni zinahitaji maneno yake, kwa sababu ndizo zinazonunuliwa sana na ndizo zinazoudhi sana. Kipande hicho kwa kawaida hakizidi kiganja cha mkono, yaani sehemu moja ya mia ya mita mraba. Jua kali hukiletea wati 10, na seli nzuri hugeuza moja ya tano tu kuwa umeme: wati 2. Pawabanki ya miliampea-saa 10,000 hubeba wati-saa 37. Kwa hiyo utaianika siku nne au tano ili ijae, na wakati wote huo betri ya lithiamu iliyomo ndani inaokwa, nayo ni betri isiyopenda joto hata kidogo. Kwangu kipande hicho ni pambo. Pawabanki yenyewe, hata hivyo, ni chombo kizuri mno ikiwekwa kivulini na kuchajiwa kwa paneli kubwa iliyo juani.

Ninapendelea mpangilio huo hata mahali ambapo paneli ingetosha kuchaji simu moja kwa moja. Wingu likipita, umeme hushuka na simu hujikata. Kuna simu ambazo hazirudi kuchaji ipasavyo mpaka uuchomoe waya na kuuchomeka tena. Binamu yangu mvuvi alifunga paneli upande wa tezi, yaani nyuma, wa mashua yake, na tuliona kwamba kivuli chembamba cha kamba ya tanga kikikatiza seli moja, nguvu ya paneli nzima ilidorora, kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfululizo na ile iliyozibwa huzuia mkondo wa nyingine. Pawabanki huvumilia kukatika-katika huko mchana, kisha jioni huilisha simu kwa utulivu.

Paneli isiyo na tundu la USB, iliyoandikwa volti 12, usiiunganishe na simu hata kwa majaribio. Ikiwa juani bila mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta umeme wake, huweza kutoa volti 18 hadi 22, ilhali simu ya kawaida inangojea 5. Weka katikati chaja ya gari inayokubali volti 12 hadi 24, inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya simu. Waya wa volti 12 unaoshuka kutoka darini unaweza kuwa mrefu, mradi uwe mnene. Waya wa USB uwe mfupi, kwa sababu mrefu na mwembamba hupoteza volti na simu hupunguza kiasi inachovuta.