Kufunga mota ndogo kwenye kayaki ya kuvulia: yaliyonipata hapa Shela

Ndugu wa Malindi, umeuliza mambo mawili: kayaki yako ya plastiki ya mita 3 uifunge mashine ya petroli ya hosipawa 2 au mota ya betri, na kama ni ya betri, iwe ya nguvu gani. Mimi navua mshipi kwa kayaki kama hiyo hapa Shela, Lamu, mwaka wa nne huu. Jibu fupi: ya betri, tena ndogo. Refu ni hili, na sehemu kubwa nimeilipia.

Petroli niimalize haraka. Mashine ya hosipawa 2 na kitu ina kilo 13 hivi bila mafuta, na zote zinaning'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo. Kuiwasha ugeuke nyuma, uvute kamba kwa nguvu, huku umekalia chombo chenye upana wa sentimita 80. Jaribu kwenye maji ya kiunoni kwanza, utanielewa. Kwenye hori, kile chombo kidogo cha mbao, sawa; kayaki hapana.

Mota za betri hupimwa kwa pauni za msukumo. Yangu ni ya pauni 40, na kila mtu aliniambia ningechukua 55. Ya nini? Kayaki ya mita 3 ikikaribia kilomita 8 kwa saa inakuwa kama inapanda kilima cha wimbi lake yenyewe, na nguvu unayozidisha inaishia kuzamisha tezi. Nimepima kwa simu: mota ikiwa mwisho wa nguvu zake inakula ampea 36 na naenda kilomita 6.5 kwa saa. Nikiishusha hadi ampea 14 naenda 4.5. Yaani umeme umeongezeka mara mbili na nusu, nawe umepata kilomita mbili tu.

Hesabu hiyo mwanzoni sikuwa nayo. Nilinunua betri ya asidi ya ampea-saa 100 (yaani ukila ampea moja inakaa saa 100), kilo 28, nikajiona nina moto wa kutosha siku nzima. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila mara unaiua, kwa hiyo zile 100 ni 50, na mota ikiwa mwisho hizo ni saa moja na dakika chache.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, kaskazi imeshika, tena bamvua, siku za maji makubwa. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi maji yakitoka, upepo mgongoni, mota mwisho, nikaipita Ras Kitau, ncha ya kisiwa cha Manda, kama niliyetumwa. Nikapata changu wanne na tewa mmoja. Saa tatu nikageuza omo, yaani mbele ya kayaki, nirudi. Siku za bamvua kwetu maji ya asubuhi hayageuki mpaka saa nne na kitu, na hilo nalijua tangu utotoni, ila kuwa na mota kulinisahaulisha. Nikalenga mti mmoja pwani ya Manda. Mota inalia, mti hausogei. Robo saa, mti ule ule. Kisha mlio ukaanza kushuka, kama redio yenye betri kavu.

Mashua yenye mashine ikapita ikiingia, nahodha mzee ninayemfahamu. Nikapunga kafi nikijua atanirushia kamba. Akapunguza mwendo, akaniangalia mimi, akaiangalia na betri.

"Mwanangu, jongea maji mafupi utie nanga. Yakianza kujaa yatakurejesha mwenyewe."

Akaenda zake. Nilikasirika sana. Saa tano na nusu nilikuwa Shela, kwa kafi, wala sikutoka jasho.

Tangu siku ile natoka kwa kafi na maji yanayotoka, na mota naiweka ya kurudi. Nikiiwasha wakati wa kwenda ni kwa dakika chache tu, kukwepa maboti.

Sasa ufundi. Kosa langu la pili lilikuwa uzito: mota kwenye tezi, betri nyuma ya kiti, na mimi kilo 82. Omo ilikuwa juu upepo unaichezea, na maji yanaingia kwa vile vitundu vya kutolea maji. Betri iweke mbele, kati ya miguu. Mota nimeihamishia ubavuni, nyuma kidogo ya kiti, juu ya ubao uliolala kutoka ukingo hadi ukingo, mkono unaifikia bila kujipinda. Plastiki ya kayaki haishiki gundi, usipoteze pesa. Toboa, pitisha bolti za stenlesi, na kwa ndani weka kibao na mpira.

Waya: fundi wa sola alinifungia wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani. Nilisikia harufu kabla sijaona moshi. Kwa ampea hizi weka wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya 50 iwe karibu kabisa na betri, si kwenye mota.

Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia: kila wiki fungua nati ya propela. Mimi nilikuta uzi wangu mwenyewe wa nailoni umejisokota nyuma yake, umeula mpira wa kuzuia maji, na ndani ya mota kuna maji ya chumvi. Nyingi za mota hizi zimetengenezwa kwa maziwa ya maji baridi, kwa hiyo isuuze kwa maji ya kisima kila ukirudi na uangalie zinki, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya chuma cha mota.

Wewe huko una mawimbi ya ufukweni ambayo mimi sina, basi mota iwe imeinuliwa mpaka uyavuke. Na ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari ya Malindi (Marine National Park) hakuna kuvua, iliwekwa tangu 1968, usije ukasukumwa humo na mkondo ukiwa na mishipi majini. Wakati wa kusi mimi sitoki nje kabisa, navua ndani tu, kati ya Lamu na Manda.

Leo natumia betri ya lithiamu ya ampea-saa 60, naibeba kwa mkono mmoja, na paneli ya wati 100 inaijaza kwa siku mbili za jua. Ile ya asidi nimempa ami, inawasha taa barazani kwake. Nipe upana wa kayaki yako pale nyuma ya kiti, nikuambie ubao ukate kiasi gani.