Zamu ya Baba

Tororo

Mwanangu Idi,

Barua yako imenifikia, na nimeirudia mara mbili pale unapouliza kama machozi ya mkeo ndiyo yaliyomchelewesha Zubeda, kwa kuwa ametimiza miezi saba na bado hajakaa, ilhali mtoto wa jirani yenu hapo Mbarara, aliyezaliwa mwezi uleule, anakaa na kuchezea vijiko. Jibu langu ni hapana. Nitakueleza sababu, kisha nami nina swali.

Kwanza, hesabu yenu ina kasoro. Mimba hukomaa kwa wiki 40, naye Zubeda alizaliwa katika wiki ya 31, kwa hiyo wiki tisa za mwanzo alizoishi wodini zilikuwa bado za tumboni. Ziondoe katika miezi saba, utabaki na mtoto ambaye hajatimiza hata miezi mitano, na wa umri huo hadaiwi kukaa peke yake. Endeleeni kuhesabu hivyo hadi atimize miaka miwili. Kinachofaa kuwapeleka kliniki mapema ni akiwa hafuati uso wa mtu kwa macho, akiwa mkakamavu au mlegevu kupita kiasi, au akitumia mkono mmoja tu siku zote.

Ama kuhusu mkeo, mama aliyejifungua kisha akatakiwa kumtazama mwanawe kupitia kioo, akikamua maziwa ili yapitishwe katika mrija wa puani, na moyo ukimruka kila mashine inapolia, hawezi kuiacha hofu hiyo mlangoni pa hospitali. Ikidumu miezi bila tiba, inaweza kumpunguzia nguvu ya kuzungumza na mtoto na kucheza naye, mambo ambayo akili ya mtoto huyahitaji ili ikue. Lakini hali hiyo hutibika, na lawama si dawa yake. Huzuni ikizidi wiki mbili, au akikosa usingizi hata mtoto anapolala, mpeleke kwa daktari bila kungoja.

Tena mtoto njiti ni mgumu kumwelewa. Akichoka hugeuza uso, hupiga miayo, hushikwa na kwikwi, hutandaza vidole, na mama mwenye wasiwasi hudhani amekataliwa, kumbe mtoto anaomba apumzishwe kidogo tu.

Sasa swali langu: wewe unambeba kwa muda gani kila siku? Nauliza kwa sababu mimi sikukubeba. Ulipozaliwa mwaka 1993 ukiwa na kilo moja na nusu, nilikaa nje ya wodi chini ya mwembe, nikijitafutia safari za kununua sabuni na mkaa, na watu wakaniona mwenye bidii. Ulikuwa woga, niliogopa kukuzoea kisha nikuzike. Huko ndani mashine ya joto ilikuwa moja na watoto wanne, basi muuguzi mmoja wa makamo alikuweka kifuani pa mama yako, ngozi kwa ngozi, kichwa chako chini ya kidevu chake, akawafunga kwa kitenge, na mkakaa hivyo usiku na mchana. Mama yako alipolia nilimwambia atakudhuru, neno ambalo hajalisahau.

Baadaye nilijua kwamba njia ile ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa uhaba huohuo wa mashine, na sasa Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa njiti, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Kifua cha baba nacho kinafaa. Zubeda amekua, hafungwi tena kitenge namna hiyo, lakini bado anaweza kulala kifudifudi kifuani pako jioni, akijifunza kuinua shingo huku ukizungumza naye, na mkeo akapata saa mbili za usingizi.

Mama yako nami tutapanda basi la Ijumaa. Yeye atakaa na mkeo. Usiku wa kwanza Zubeda atakuwa wetu sisi wawili, na nepi nitabadilisha mimi, ila itabidi unionyeshe, kwa maana sijawahi.

Wasalaam,
Baba yako